Shajara ya tangi la samaki, Tudor: kuchagua samaki wanaoyaweza maji yetu

Januari, mwanzo wa kazi

Dadangu amenipa upande mmoja wa sebule yake hapa Tudor nimwekee tangi la samaki wa mapambo, wa maji matamu. Masharti yake ni matatu: wawe wa rangi, wakae pamoja bila kulana, na aweze kuwatunza mwenyewe siku ambazo mimi sipo. Hajawahi kufuga samaki. Kwa hiyo kila ninachochagua hapa nakichagua kwa ajili ya mtu anayeanza.

Wengi huanzia dukani. Mtu anamwona samaki, anampenda, anamnunua, kisha ndiyo anaanza kuhangaika na maji. Mimi naanza na maji, kwa sababu Mombasa maji ndiyo yanayokuchagulia samaki.

Kisiwa chote hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Kisima chochote kikichimbwa, maji yake yamepita kwenye chokaa na kuibeba, ndiyo maana birika likichemshiwa maji ya kisima hubaki na ukoko mweupe. Na karibu na pwani maji ya bahari nayo hupenya chini kwa chini, ndipo tukapata maji ya chumvi ya kufulia na kuogea. Maji ya bomba hutoka mbali: Mzima ndani ya Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hayo hutiwa klorini, na hayaji kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi huyahifadhi kwenye tangi la juu au hununua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni.

Nimepima kwa vijikaratasi maji ya aina mbili zilizopo nyumbani. Ya bomba: pH, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ndiyo katikati yake, karibu 7.8, na ugumu, yaani wingi wa chokaa, wa wastani kwenda juu. Ya kisima cha uani: pH 8.2, na ugumu umefika rangi ya mwisho kabisa kwenye kipimo. Ukiyaonja, chumvi unaisikia ulimini. Nimeamua tutumie ya bomba, na kila yatakapokuja tuweke akiba kwenye pipa lenye kifuniko cha wavu. Klorini ya kawaida huondoka yenyewe maji yakikaa wazi siku nzima, hasa ukiyapulizia hewa.

Mamangu alipoona vijikaratasi vimepangwa mezani akauliza, "Maji haya watu wenyewe twayalalamikia, samaki watayaweza?" Ndilo swali lenyewe. Wapo watakaoyaweza, tena kwa raha, na kazi yangu ni kuwajua.

Januari, tangi

Fundi wa vioo amelitengeneza kwa vipimo nilivyompa: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Kwa hesabu ni karibu lita 65, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu inayobaki wazi, maji halisi ni kama lita 54. Nilimsisitizia jambo moja tu, silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tangi likajazwa uani, likalala na maji, asubuhi sakafu ilikuwa kavu.

Likijaa linakaribia kilo 80 pamoja na kioo na changarawe, kwa hiyo meza ya kahawa haliwezi. Tumeliweka juu ya kabati la mninga, ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Jua la Mombasa likilipiga tangi moja kwa moja, maji yanachemka na mwani unakuwa zulia.

Kuna jambo ambalo maelezo ya watu wa nchi za baridi hayalitaji, nalo kwa nyumba zetu ni kubwa: udi na dawa ya mbu. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Chetezo kikiwekwa karibu nayo, moshi wote unaingia tangini. Dawa ya mbu ya kupuliza ni mbaya zaidi, kwa sababu zile za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Tumekubaliana na dada: sebuleni hapulizwi dawa tena, chandarua kinatosha, na udi ufukizwe vyumbani.

Februari, tangi bila samaki

Tangi limejaa, chujio la sponji linabubujika, na ndani hamna samaki hata mmoja. Wageni wanashangaa. Mtoto wa jirani amekuja kila jioni kuchungulia nyuma ya jiwe.

Tunangoja bakteria. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kwa matamvua na kwa choo chake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi, na mimea huila. Makundi haya hukua polepole juu ya sponji na changarawe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Natia chakula kidogo cha samaki kila siku ili bakteria wapate cha kula, na rafiki wa Kizingo amenipa kipande cha sponji kutoka kwenye tangi lake la siku nyingi. Hicho kipande kina thamani kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kwa maji yetu subira hii ni ya lazima. Amonia huwa na sura mbili majini, moja kali na moja isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 28, sura ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8, kwa joto lilelile, inakuwa kati ya asilimia 6 na 7. Yaani uchafu uleule ambao mtu mwenye maji laini angeupuuza, hapa kwetu unaua. Mtu akikwambia yeye alitia samaki siku ileile na hawakufa, muulize maji yake pH yake ngapi.

Mimea nimetia miwili: valisineria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo hupenda maji magumu, na seratofilamu inayoelea tu bila mizizi. Yote nimeipata kwa mfugaji mwenzangu. Kwenye mitaro na madimbwi sichukui kitu, kwa sababu konokono wa huko ndio wanaobeba kichocho, na mayai yao hujibandika chini ya majani bila kuonekana.

Februari mwishoni, dukani

Leo nimekwenda kuangalia tu, bila kununua. Mwenye duka, mzee wa makamo, akaniuliza, "Wataka wa rangi gani, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mzee, kwanza niambie maji ya matangi yako ni ya wapi."

"Ya kisima, hapo nyuma." Akanionyesha matangi ya safu ya chini. "Hawa gapi na plati wamezaliwa humuhumu, mama zao pia. Wale neoni waja kwa ndege."

Sentensi hizo mbili zimenipunguzia nusu ya kazi. Samaki aliyezaliwa kwenye maji ya kisima cha Mombasa akija kwenye maji ya bomba ya Tudor anashuka ngazi moja tu ya ugumu. Anayetoka nje ameyaacha maji ya kwao mbali.

Nimewaandika wote niliowaona, na hukumu yangu kwa kila mmoja.

Samaki wa dhahabu ndiye wa kwanza kuulizwa na kila mtu, na ndiye wa kwanza kumkataa. Ni samaki wa maji ya ubaridi, na nyuzi 30 za Machi zinamchosha. Anachafua sana, na akitunzwa vizuri anapita sentimita 20. Mahali pake ni bwawa la uani lenye kivuli. Akichanganywa na samaki wa joto, mmoja wao lazima ataishi kwa taabu.

Neoni tetra wanavutia, sikatai. Kwao ni mito ya Amazoni yenye maji laini, yenye asidi, yaliyotiwa rangi ya chai na majani. Ndani ya maji yetu wanaweza kuonekana wazima wiki za mwanzo, kisha wakaanza kupungua mmoja mmoja bila sababu ya kuonekana kwa macho. Kwa anayeanza ufugaji huo ni mtihani mbaya, kwa sababu mtu anadhani kosa ni lake. Enjeli naye ni wa Amazoni, anahitaji tangi refu kwenda juu, na akikua anawameza neoni. Anajilisha hivyo hata kwao.

Taiga babi ana milia ya kupendeza na meno ya uchokozi. Hukata mapezi ya wenzake, na gapi mwenye mkia mpana kama khanga ndiye shabaha yake ya kwanza. Oska ni mdogo wa kidole hapo dukani, lakini hufika sentimita 30 na kila kinachoingia kinywani mwake ni chakula. Pleko, yule wa kubandika mdomo kwenye kioo, huuzwa kama mfagiaji wa tangi. Wa kawaida hupita sentimita 30, na choo anachotoa ni kingi kuliko mwani anaoula.

Walionipa kazi ya kufikiri ni mbuna wa Ziwa Malawi. Maji yetu yenye pH ya juu wangeyafurahia kabisa, maana ziwa lao ni hivyohivyo. Rangi zao, buluu na manjano, hazina mshindani. Lakini dume la mbuna hushika jiwe likalifanya nyumba, na kila apitaye anafukuzwa. Katika sentimita 60 aliyefukuzwa hana pa kwenda. Kuyapenda maji hakutoshi, tabia nayo ina haki yake. Beta dume namweka fungu hilohilo: joto letu linamfaa, lakini akiona mkia mpana wa gapi anadhani ni beta mwenzake amekuja kumpiga.

Wanaobaki ni jamii ya wanaozaa watoto hai: gapi, plati, mkia-upanga na moli. Asili yao ni Amerika, gapi upande wa Trinidad na Venezuela, wengine Meksiko na nchi za jirani. Wote hupenda maji magumu yenye pH ya 7 kwenda juu. Moli wengine huishi mpaka kwenye midomo ya mito, maji yanapochanganyika na bahari, mahali pa mikoko kama hapa Tudor. Joto la sebule yetu hawahitaji kuongezewa, kwa hiyo mashine ya kupasha maji tumeiepuka.

Kasoro yao ni kuzaa. Gapi jike huzaa kila baada ya mwezi hivi, na mbegu za dume huweza kuzihifadhi kwa miezi, kwa hiyo ukinunua jike peke yake bado utapata watoto. Tangi la lita 54 lingejaa kabla ya mwaka kwisha. Ukichanganya plati na mkia-upanga huzaana pia wao kwa wao, na baada ya vizazi viwili huna plati wala mkia-upanga.

Hukumu: madume watupu. Gapi saba na plati wanne. Mkia-upanga anaachwa, ni mrefu na huruka nje ya maji. Moli anaachwa kwa tangi hili, kwa sababu anakula sana, anachafua, na anataka nafasi.

Machi mwanzoni, gapi

Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati imeanza kuonekana. Hapo ndipo nikaenda kununua, jioni, jua likishashuka, nisije nikabeba mfuko wa maji moto ndani ya tuktuk.

Kumjua dume ni rahisi ukishaonyeshwa. Tazama pezi la chini, nyuma ya tumbo. La jike limefunguka kama upepeo mdogo. La dume limekunjika likawa kijiti chembamba kilicholala nyuma, na anaweza kukisukuma mbele. Kwa plati ndiyo alama ya pekee ya kutegemea, kwa sababu dume na jike wana rangi moja. Plati wachanga bado hawajaonyesha, kwa hiyo niliwachagua wakubwa na kumwomba mzee aniwekee hadi nitakaporudi.

Nilisimama mbele ya tangi la gapi kwa muda mrefu. Nilitafuta wanaoogelea na mapezi yamefunguka, wanaokimbilia chakula, wasio na punje nyeupe mwilini, na wasiohema juujuu. Pia nilitazama wenzao waliobaki: tangi likiwa na maiti mmoja, simchukui yeyote humo. Mzee alinipa kimia nichague mwenyewe, jambo nililolishukuru.

Nyumbani mfuko ulielea juu ya maji ya tangi mpaka joto likalingana, kisha nikaongeza kikombe cha maji yetu kila baada ya dakika chache. Samaki wakahamishwa kwa kimia, na maji ya duka yakamwagwa kwenye choo. Taa ikazimwa.

Siku ya pili dada alinipigia simu kuniambia mmoja wao, mwenye mkia wa rangi ya chungwa, amekaa chini ya sponji na mapezi yamekunjwa. Nilimwambia asitie dawa yoyote, apime amonia kwanza. Sifuri. Kufika Magharibi alikuwa ametoka na kushindana na wenzake kwenye chakula. Gapi aliyehamishwa hujificha, hiyo ni kawaida yake.

Machi katikati, joto

Kaskazi imelala. Kipimajoto kimesoma 31 saa tisa mchana. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki wakati huohuo huihitaji zaidi, kwa hiyo dalili ya kuangalia ni kupanda juu na kuhema. Wetu hawajahema, lakini sikungoja.

Tumeongeza mabubujiko, tukaweka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, na kifuniko cha kioo tukakibadilisha kwa wavu. Joto limeshuka hadi 28 na nusu. Feni hufanya kazi kwa kukausha maji, kwa hiyo kila siku tangi hupungua. Yanayokauka ni maji matupu, chokaa na chumvi hubaki. Ukijazia kila siku kwa maji magumu, ugumu unapanda juu kwa juu bila wewe kujua. Tunajazia kwa maji ya kunywa yaliyochujwa mpaka chokaa na chumvi vikatoka, na masika yakianza tutakinga ya mvua, baada ya manyunyu ya kwanza kuosha bati. Kubadilisha robo ya tangi kila wiki kunabaki kwa maji ya bomba.

Stima ilikatika usiku mmoja. Pampu ya betri iliyokuwa tayari kabatini ikashika kazi. Kwa Mombasa kifaa hicho nakiweka mbele ya taa na mbele ya mapambo.

Chakula: punje chache mara mbili kwa siku, zinazokwisha ndani ya dakika moja. Siku nyingine dada huwapa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ya uani. Gapi huvikimbilia kuliko chakula cha kopo, na ndiyo kazi waliyopewa kwenye nchi nyingi za joto, kutiwa kwenye matangi ya maji kupunguza mbu.

Hata hivyo, mtoto wa jirani alipopendekeza tupeleke gapi wachache kwenye dimbwi la karibu, nilikaa naye chini. Madimbwi ya msimu ya pwani hii yana wenyewe. Kuna samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, mmoja wao, Nothobranchius interruptus, anajulikana kutoka Kikambala. Mayai yao hulala ndani ya tope kavu kiangazi chote, mvua zikija huanguliwa, na katika miezi michache wamekua, wametaga na kufa. Madume yao wana rangi za kuwashinda gapi wote wa dukani. Mgeni anayezaa kila mwezi hatakiwi karibu nao.

Aprili, plati

Plati wanne wameingia, rangi ya machungwa mbivu na wawili wenye mkia mweusi. Nilingoja amonia ibaki sifuri baada ya gapi kuzoea, ili bakteria wasizidiwe kwa mkupuo mmoja.

Wamegawana tangi bila kuamuliwa. Gapi wako juu, kwenye mkondo wa mabubujiko. Plati wako katikati na chini, wanadonoa mwani kwenye majani ya valisineria kutwa nzima. Plati mkubwa kuliko wote alimfukuza mwenzake siku mbili za mwanzo, nikahamisha jiwe moja na kuongeza kichaka cha seratofilamu katikati ili wasionane kutoka pembe hadi pembe. Sasa wanapitana tu.

Kuhusu koridora, samaki wadogo wa kukaa chini ya tangi, ambao dada aliwaona kwenye picha akawapenda, jibu langu ni hapana. Wengi wao hustarehe chini ya nyuzi 26, na sebule hii haifiki huko hata wakati wa kusi isipokuwa usiku.

Ameuliza pia moli weusi. Hao nimesema ndiyo, lakini kwenye tangi lao: lita 150 kwenda juu, dume mmoja kwa majike watatu, na robo ya maji ya kisima ikichanganywa humo haitawadhuru. Tumepima ukuta wa korido, sentimita 100 zinaingia na mlango unafunguka. Fundi wa vioo anakuja Jumamosi.